Bei ya Kuvuka: Busia na Malaba Tangu Mpaka Uwekwe

Anayejiandaa kuvuka kutoka Kenya kwenda Uganda, awe na gari lake, awe ndani ya basi au awe na gunia kichwani, kwanza huuliza atatozwa nini. Ushuru wa mahindi ni kiasi gani, bima ya gari inauzwaje, kibali cha siku chache kinalipiwa au hakilipiwi. Ni maswali ya haki, na kila mwenye kubana matumizi ana sababu ya kuyauliza. Hata hivyo, ukiifuatilia historia ya vivuko vya Busia na Malaba tangu mwanzo wa karne ya 20, unakuta kwamba ada zilizoandikwa mara chache sana ndizo zilizokuwa mzigo mzito zaidi. Kilichowamaliza watu ni kusubiri bila kujua: lango litafunguliwa lini, karani wa leo atadai karatasi gani, shilingi iliyo mfukoni asubuhi itanunua nini jioni. Hoja yangu ni kwamba mbinu ambazo watu wa mpaka huu wamebuni ili kuvuka kwa nafuu, kuanzia baiskeli hadi njia za panya, kwa sehemu kubwa zilikuwa bei ya kuikimbia hali hiyo ya kutojua. Kila serikali zilipopunguza ushuru na kuiacha hali hiyo ilivyo, watu waliendelea kuzilipia mbinu zile zile.

Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko njia inayoukata. Misafara ya kutoka pwani ilikuwa ikifika kwa mtawala Mumia, katika nchi ya Wawanga, kutafuta pembe za ndovu na chakula kabla ya kuendelea Busoga na Buganda, ikilipa hongo kwa watawala wa kila nchi iliyopitiwa. Hongo hizo zilijadiliwa upya safari kwa safari, na mkuu wa msafara hakuwa na hakika ya hesabu yake mpaka amevuka. Barabara ya magari ya ng'ombe iliyoanzishwa na kampuni ya William Mackinnon mwaka 1890, kisha ikaendelezwa na Kapteni Sclater, ilifikishwa hadi Busia kabla ya karne hiyo kwisha. Wakati huo Busia haikuwa mpakani mwa chochote, kwa maana mkoa wa mashariki wa Uganda ulienea hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliuhamishia mkoa huo kwenye Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, sababu moja kubwa ikiwa kuiweka reli yote ya Mombasa hadi Kisumu chini ya utawala mmoja. Wasamia wakajikuta pande mbili, na Wateso vivyo hivyo. Mto Malaba ukawa alama ya mpaka upande wa kaskazini na Mto Sio upande wa kusini. Pale Busia mstari ulipita nchi kavu, katikati ya mashamba na maboma, na hadi leo mtu mgeni anaweza kutembea kwenye vichochoro vya mji asijue amebadilisha nchi.

Kwa miongo kadhaa mstari huo haukumgharimu mtu sana. Mwaka 1917 Kenya na Uganda ziliunganishwa kiforodha, na kufikia 1927 Tanganyika ilikuwa imeingia kikamilifu. Bidhaa ya ng'ambo ililipiwa ushuru bandarini Mombasa, kisha ikapita hadi Uganda bila kufunguliwa tena, na upitaji huo ukawa mwepesi zaidi pale reli ya kupitia Eldoret, Malaba na Tororo ilipofika Kampala mwaka 1931. Pesa ilikuwa moja pande zote, shilingi ya Afrika Mashariki. Lakini hata katika enzi hiyo iliyosifiwa kwa wepesi, kulikuwa na mzigo mmoja uliosumbua, nao haukutoka ng'ambo. Tangu miaka ya Vita Kuu ya Pili, Kenya ilidhibiti usafirishaji wa mahindi kwa vibali, hata baina ya wilaya na wilaya ndani ya nchi yenyewe, na udhibiti huo haukuondolewa kabisa mpaka nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Kwa hiyo shuka iliyotoka Manchester ilipita bila neno, huku gunia la mahindi yaliyolimwa na kuliwa pale pale Bukhayo au Teso likihitaji ruhusa ya ofisi ambayo mkulima hakujua ingejibu lini. Mahindi hayakuwa na ushuru wa kukwepwa. Kilichokwepwa ni kibali, na tabia ya kupitisha chakula usiku ilikuwa imekomaa kabla ya nchi hizi mbili kupata uhuru.

Mambo yaligeuka baada ya uhuru. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa pesa yake. Mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 uliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini papo hapo ukaruhusu kodi maalumu juu ya bidhaa za viwandani zilizovuka kutoka nchi mwanachama moja hadi nyingine, ili Uganda na Tanzania zijikinge na viwanda vya Kenya. Udugu ukatangazwa, na lango likapata kazi mpya. Katika miaka hiyo ya 1960 vijana wa Busia walianza kubeba abiria kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya mpaka, vilivyoachana kwa zaidi ya nusu maili. Basi lilimshusha msafiri upande mmoja. Gari la kumvusha lingehitaji hati zake lenyewe, na kutembea na mizigo juani ni adhabu. Baiskeli haikudaiwa hati. Hivyo ndivyo boda boda zilivyoanza, kazi ambayo baadaye ilienea Afrika Mashariki nzima na kuhamia kwenye pikipiki.

Inafaa tukae kidogo kwenye biashara hii, maana imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ujanja wa vijana tu. Msafiri aliyepanda baiskeli ile alikuwa na miguu yake, na umbali wenyewe haukuwa wa kutisha. Alichonunua zaidi ni ujuzi. Mwendesha baiskeli alijua askari gani yuko zamu, dirisha gani linapiga muhuri haraka, nani wa kubadilisha pesa asiyepunja, na saa gani lango linajaa. Nauli ilikubaliwa kabla ya kuondoka, na pengine ndiyo gharama pekee katika safari nzima ambayo msafiri aliijua kabla ya kuilipa. Ndiyo maana hata wale ambao wangeweza kuokoa senti zao kwa kutembea waliona afadhali walipe. Kuilipa baiskeli kulikuwa kuokoa pesa, kwa sababu asiye na mwenyeji mpakani hulipa mara mbili.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi kwa kundi jingine la wachukuzi wa Busia, nao ni walemavu wa miguu, wengi wao waliopoozeshwa na polio, wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika juu yao mwaka 2007. Maofisa wa forodha, kwa huruma au kwa mazoea yaliyogeuka kanuni isiyoandikwa, waliwatoza kidogo au hawakuwatoza kabisa, na wafanyabiashara wazima wakaona faida ya kuwapakia mizigo. Baiskeli ya kiti ikawa chombo cha kibiashara. Kuna anayeliona hili kuwa aibu ya kuwatumia wanyonge. Mimi naona ukweli wa pande mbili. Kazi hiyo iliwapa walemavu kipato na nafasi katika mji ambako wengine wangewaachia kuombaomba tu, na hilo si dogo. Lakini faida kubwa ilikwenda kwa mwenye mzigo aliyebaki kivulini dukani, na hatari yote ikabaki kwa aliyekaa juu ya magurudumu: ofisa mpya akija na ukali wake, anayekamatwa ni yeye. Nafuu ya mmoja ilikuwa wasiwasi wa mwingine.

Kisha ukaja utawala wa Idi Amin nchini Uganda, na mpinzani wa hoja yangu hupata hapa silaha yake kali zaidi. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971 na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, sabuni, sukari na chumvi vilianza kuadimika Uganda, na vilivyopatikana vilitoka Kenya. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kufikia kilele mwaka 1977. Mkulima wa Uganda alilazimishwa na sheria kuuza kupitia bodi ya serikali, kwa shilingi iliyokuwa ikinyauka. Kahawa ya mteremko wa Mlima Elgon ikaanza kushuka usiku kwa punda, kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu hadi Chepkube, soko la upande wa Kenya katika Bungoma ya leo, kaskazini mwa Malaba. Chepkube ilifanya watu kuwa matajiri kwa misimu michache. Amri ya mwaka 1975 ilikuwa imeunda mahakama za makosa ya uchumi zenye uwezo wa kutoa hukumu ya kifo, Februari 1976 Amin akadai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ya Uganda, na baada ya uvamizi wa makomando wa Israeli huko Entebbe Julai mwaka huo huo uhusiano ukaharibika hadi mafuta ya Uganda yakazuiwa Kenya. Magendo hayakukoma. Mpinzani atasema: waliovuka walifuata bei, basi. Kama tofauti ya bei ni kubwa hivyo, mtu atapita hata mbele ya mtutu wa bunduki, na habari za kujua na kutojua ni mapambo.

Kuhusu Chepkube nakubali sehemu kubwa ya pingamizi hilo. Pasingekuwa na pengo la bei, pasingekuwa na soko. Lakini pengo lenyewe lilitoka wapi? Halikutokana na ushuru wa mpakani. Lilitokana na kwamba mkulima hakuwa na hakika ya kulipwa, wala ya kukuta bidhaa dukani akilipwa. Upande wa Kenya alipata pesa iliyokubalika na sukari aliyoweza kuibeba nyumbani usiku ule ule. Ushahidi ulio bora zaidi ni wa kilichofuata. Bei ya kahawa ilipoanguka, Chepkube ilikufa nayo. Busia haikufa. Sabuni, chumvi, mahindi, maharagwe, nguo na samaki viliendelea kuvuka mwaka hadi mwaka, vingine vikiwa na tofauti ndogo ya bei ambayo isingemshawishi mtu kuhatarisha shingo yake. Kulikuwa na biashara mbili zilizoitwa kwa jina moja la magendo. Moja ilifuata bei ya dunia. Nyingine ilikuwa maisha ya kawaida ya watu wa mpakani waliokimbia usumbufu wa lango, na hiyo ndiyo iliyodumu.

Kwamba nafuu ya kuvuka daima ina mtu anayeilipia si jambo la Afrika Mashariki peke yake. Waingereza wanaokwenda likizo Ufaransa na magari yao yenye vitanda na jiko wamekuwa wakihesabu kwa makini nauli za feri kati ya Dover na Calais, na ushindani ulizidi tangu njia ya reli chini ya bahari ilipofunguliwa mwaka 1994. Hadi katikati ya mwaka 1999 kampuni za feri ziliweza kupunguza nauli kwa sababu ndani ya meli ziliuza pombe, sigara na manukato yasiyotozwa kodi, na faida ya duka ikasaidia kubeba gharama za meli. Umoja wa Ulaya ulipofuta msamaha huo kwa safari za baina ya nchi wanachama, nguzo hiyo ya nauli ikaondoka. Kule aliyelipia nafuu ya msafiri ni hazina ya serikali. Busia ni mwendesha baiskeli na mchukuzi. Lakini iko tofauti nyingine ambayo naiona nzito zaidi. Msafiri wa Dover, awe amepata tiketi rahisi au ghali, anaijua bei na saa ya kuondoka kabla hajafunga mlango wa nyumba yake. Anaweza kupanga, na anayeweza kupanga anaweza kuokoa. Lori la Malaba kwa miaka mingi halikuwa na uwezo huo.

Malaba ina historia yake tofauti na Busia, kwa kuwa ni kivuko cha reli na malori kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa kupitia Nairobi, Nakuru na Eldoret, wakati Busia huwapokea zaidi wa njia ya Kisumu. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na forodha yake kamili. Mwaka 1985 mataifa ya ukanda huu yalitia saini makubaliano ya usafirishaji wa Ukanda wa Kaskazini, yakiahidi kupitisha mizigo ya wenzao. Miaka miwili tu baadaye, Desemba 1987, majeshi ya pande mbili yalipigana risasi Busia, mpaka ukafungwa, na ikabidi Rais Moi wa Kenya na Rais Museveni wa Uganda wakutane Malaba kabla ya mwaka kwisha ili kutuliza mambo. Mwaka 1994 bomba la mafuta lilifika Eldoret na Kisumu, na malori ya mafuta ya Uganda, Rwanda na kwingineko yakawa yanapakia karibu zaidi, yakizidisha msongamano kwenye malango haya mawili. Na Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipong'oa reli Kibera na kufunga barabara za Bonde la Ufa, petroli iliadimika Kampala na bei yake kuruka. Hakuna ada hata moja ya mpakani iliyokuwa imebadilika siku hizo. Bidhaa zilipanda kwa sababu hakuna aliyejua lori litafika lini.

Jaribio kubwa zaidi la hoja hii lilifanywa na serikali zenyewe bila kukusudia. Jumuiya mpya, iliyozaliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, ilianzisha umoja wa forodha tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa zenye asili ya Uganda zikaingia Kenya bila ushuru tangu siku hiyo. Baadhi ya bidhaa za Kenya kwenda Uganda zilianza na asilimia 10, zikashuka asilimia 2 kila mwaka hadi sifuri mwaka 2010. Kama ushuru ndio uliowapeleka watu kwenye njia za panya, njia hizo zingeota majani kufikia 2010. Hazikuota. Idara ya takwimu ya Uganda, ikishirikiana na benki kuu ya nchi hiyo, imeendelea kufanya uchunguzi wa biashara isiyo rasmi mipakani, na Kenya imebaki miongoni mwa washirika wakubwa. Sababu iko wazi ukijiweka mahali pa mama mwenye magunia matatu ya maharagwe. Ili asitozwe ushuru, alipaswa kuthibitisha kwamba maharagwe yametoka ndani ya Jumuiya, na uthibitisho huo ulihitaji hati, na hati ilihitaji wakala, na wakala hakuwa wa bure. Msamaha ulikuwepo, lakini kuupata kuligharimu zaidi ya kijana wa baiskeli anayejua kivuko cha mtoni. Baadaye ukaletwa utaratibu mwepesi wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ambao hati yake ya asili hutolewa pale pale mpakani. Ni hatua njema, na wanaoufahamu huutumia.

Wapo watakaosema kwamba namtetea mvunja sheria, na kwamba njia za panya hupitisha pia dawa bandia, sukari iliyochakachuliwa na mahindi yenye sumu ya kuvu. Ni kweli hupitisha, na hakuna mzazi anayepaswa kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Lakini tazama jinsi dola yenyewe ilivyolishughulikia suala la sumu ya kuvu mwanzoni mwa Machi 2021. Kenya ilipiga marufuku ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania, malori yakakwama Busia na Malaba, kisha siku chache baadaye marufuku ikageuzwa kuwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo ni ya busara. Yangetangazwa mapema, pamoja na mahali pa kupimia, yangelinda afya bila kumkwamisha mtu. Yalipokuja kama radi, aliyekuwa na mahindi safi na aliyekuwa na machafu walipata hasara sawa, na wote wawili wakapata sababu ya kutafuta njia ya mtoni. Ulinzi wa afya haukugombana na wepesi wa kuvuka. Uligombana na ughafla.

Upande wa pili wa ushahidi ni wa mafanikio. Katika miaka ya 2011 na 2012, foleni ya malori Malaba ilipunguzwa sana kwa kusisitiza jambo moja la kiofisi: hati zitumwe na kukaguliwa kabla lori halijafika. Wachunguzi wa Benki ya Dunia waliona muda wa kuvuka ukishuka kutoka zaidi ya siku nzima hadi saa chache, na hakuna ushuru uliopunguzwa kupata matokeo hayo. Kuanzia 2014 Jumuiya ikaingia utaratibu wa eneo moja la forodha, ambapo kodi ya mzigo wa Uganda hukadiriwa na kulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Msomaji atakumbuka kwamba huo ndio utaratibu wa mwaka 1917. Ilituchukua zaidi ya miaka 50 tangu uhuru kurudi pale ambapo babu zetu walikuwa tayari, safari hii kwa hiari yetu wenyewe, na mgawanyo wa mapato ukiwa mikononi mwetu. Mwaka huo huo wa 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda waliruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na wageni wa mbali wakapata viza moja ya dola 100 kwa nchi hizo tatu. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia. Sasa anayetoka Kenya hupita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda na kumalizana na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, na anayetoka Uganda hufanya hivyo upande wa Kenya.

Lakini uhakika ni kitu chepesi kuvunjika. Mwaka 2020, vipimo vya korona vilipowekwa kwa madereva, foleni ya Malaba ilirudi na kuenea zaidi ya kilomita 30 ndani ya Kenya, madereva wakilala chini ya malori siku kadhaa wakisubiri majibu. Januari 2022 Uganda ilidai kila dereva apimwe upya kwa dola 30, wakagoma, foleni ikajaa tena, na dai likaondolewa. Mtu anaweza kusema kwamba hapa angalau ni ada iliyoleta mgogoro. Naona vingine. Dola 30 ni ndogo mno mbele ya gharama ya lori lililosimama wiki nzima na kontena la mtu mgongoni. Madereva walikasirishwa na kutozwa ghafla kwa kipimo ambacho wengine walikuwa tayari wana cheti chake, tena kutoka mfukoni mwao, katikati ya safari ambayo posho yake ilikuwa imeshapangwa.

Limebaki pingamizi la mwisho, ambalo kwangu ndilo lenye uzito wa kibinadamu. Miji hii imejengwa juu ya kusubiri. Nyumba za kulala wageni za Malaba, mama wanaopika ugali na samaki kando ya foleni, walinzi wa malori usiku, waendesha baiskeli, mawakala wadogo, wabadilishaji pesa wenye mabunda mkononi, wote waliishi kwa sababu watu walikwama. Mpaka ukienda mbio, wao watakula nini? Sioni jibu la haraka, na anayelipuuza swali hili hajui maisha ya mpakani. Ninachosema ni kwamba kipato cha kusubiri kilikuwa na gharama ambayo miji hiyo hiyo iliilipa. Malori yaliyokwama yaliharibu barabara na kuziba njia ya wagonjwa, na katika miaka ya virusi vya ukimwi, vituo vya malori kwenye barabara hii vilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Kaunti ya Busia ina udongo, mvua na masoko ya nchi mbili. Wajibu wa serikali ni kuwapa mama wale vibanda, ghala na hati za kuuza kwa haki pande zote mbili. Kuwabakizia foleni iwe ndiyo riziki yao ni kuwanyima.

Mwenye gari dogo au basi la familia linalokwenda Jinja au Kabale anaweza kuichukua historia hii kama ushauri. Akague kitabu cha gari na kitambulisho kabla ya safari, achukue kadi ya njano ya COMESA kwa kampuni yake ya bima nyumbani kabla hajafika mahali ambapo mtu wa barabarani atamtajia bei ya papo hapo, na achague kivuko kwa njia anayotoka, Busia kwa anayetokea Kisumu na Malaba kwa anayetokea Eldoret, kwani barabara zote mbili hukutana upande wa Uganda kabla ya Bugiri. Kwa serikali zote mbili ombi langu ni dogo na halihitaji jengo jingine. Kwenye kila lango la Busia na Malaba pawekwe ubao mkubwa, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, wenye kila ada inayotozwa, kila hati inayohitajika na saa ambazo kila dirisha linafunguliwa, na ofisa yeyote asiruhusiwe kudai kisichoandikwa pale. Na mwenye mzigo wa mazao ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 aiulizie hati ya asili ofisini kabla ya kumfuata kijana wa mtoni, kwa sababu ana haki ya kuipata pale pale mpakani.